Kuchora kitu kilichokwisha vunjika

Video nyingi za kufundisha CAD, yaani kuchora vifaa kwa kompyuta, huanza na mtu anayebuni kitu kipya: kishikio cha simu, nembo, kiboksi cha kuwekea kalamu. Anajichagulia vipimo, 50 kwa 30, na kazi inakwenda. Karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, haipokei mawazo, inapokea vyuma vilivyovunjika. Mteja anafungua kiroba, anamwaga vipande mezani, anamwambia baba, "Fundi, naitaka kama hii." Na hiyo "hii" imekatika vipande vitatu, ukingo mmoja haujulikani ulibaki wapi.

Baba ndiye mkerezaji. Leth yake, mashine ya kukerezea chuma, ni ya mkono, ina umri kunishinda, na siigusi bila ruhusa. Mimi nina ruta ndogo ya CNC, mashine ya kuchonga inayofuata maagizo ya kompyuta, inayoendeshwa na programu ya GRBL kwenye bodi ya Arduino. Haina ubavu wa kukata chuma, na wateja wakiiona huuliza kama ni ya kuchongea vibao vya majina. Kazi yake ni modeli za mbao. Modeli inakwenda kwa fundi wa kusubu, anaizika kwenye mchanga na kuitoa, inabaki kalibu, anamimina aluminiamu, na kipande kinarudi kwa baba kukerezwa. Zamani modeli alizichonga seremala kwa patasi na msasa. Zilikuwa safi, ila ya pili haikuwahi kufanana na ya kwanza.

Ninatumia FreeCAD. Ni ya bure, haidai akaunti, na ukishaisakinisha haikuombi bando. Jambo moja kwa anayeanza: toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na humo sehemu iliyoitwa Path, inayogeuza mchoro kuwa maagizo ya mashine, ikabadilishwa jina kuwa CAM. Video za zamani zikikuambia ubonyeze Path, usihangaike kuitafuta, ni hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye kiroba. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kisha wakaja Waingereza, na kila aliyekuja alikuja na mashine za vipimo vyake. Ndiyo maana mfuko mmoja unaweza kuwa na shafti ya inchi na beringi ya milimita. Unapima tundu la puli kwa venia, kile kipimio cha taya mbili, unapata milimita 22.3. Kijana wa video ataandika 22.3 kwenye mchoro na kuendelea. Baba hata hakuinua kichwa: "Hiyo ni 7/8, imelika." Saba juu ya nane ya inchi ni 22.225. Kilichozidi ni miaka ya kutikisika. Ukichora 22.3 umechora uchakavu, na puli mpya itazaliwa ikiwa imezeeka.

Kwa hiyo kabla sijafungua laptop natafuta sehemu ambayo haijalika. Chini ya kiwei, ule mfuo wa kufungia puli kwenye shafti, mara nyingi. Au beringi yenyewe, kwa sababu ina namba. Ikiandikwa 6205, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5: tundu ni milimita 25. Kipenyo cha nje ni 52 na unene 15, popote ilipotengenezwa. Kipimo kimoja cha uhakika kikipatikana, vingine vinaanza kujieleza.

Mfereji wa mkanda ndio unaodanganya kuliko vyote. Mkanda wa V una pembe ya digrii 40, na mtu anaweza kudhani mfereji nao ni 40. Sivyo. Mkanda ukipinda kwenye puli, upande wa ndani unabanwa na kuvimba, kwa hiyo mfereji hufanywa mwembamba zaidi: digrii 34 kwa puli ndogo, 38 kwa kubwa. Puli iliyochakaa haina 34 wala 38, ina shimo tu ambalo mkanda umejichimbia.

Kwenye FreeCAD nachora umbo nikilifunga kwa masharti: mistari hii sambamba, duara hili na lile kituo kimoja, hapa 150. Programu inakuhesabia umebakiwa na uhuru kiasi gani, yaani mambo mangapi bado yanaweza kusogea, na kila kitu kikishafungwa mchoro unageuka kijani. Mimi siendelei mpaka uwe kijani. Najua wapo wanaoendelea.

Halafu ndiyo hesabu ya modeli, ambayo sikuona ikifundishwa kwa uzuri popote, labda kwa kuwa wanaotengeneza video hawasubu. Puli iliyokamilika ina kipenyo cha milimita 150. Baba anataka nyama ya kukereza, milimita 3 kila upande, tunafika 156. Aluminiamu ikipoa hunywea kama asilimia 1.3, basi 156 mara 1.013 ni 158. Chuma cha kusubu hunywea kidogo zaidi ya hapo? Hapana, pungufu, kama asilimia 1, kwa hiyo modeli ya aluminiamu si ya chuma. Bado kuna mteremko: pembeni zikiwa wima kabisa modeli hung'oka na mchanga wake, hivyo naziinamisha digrii 2. Kwa unene wa milimita 40, kipenyo cha uso mmoja kinazidi cha mwingine kwa karibu milimita 3, na ile 158 lazima iwe kwenye uso mdogo. Tundu siliweki, wala mfereji. Hivyo ni vya leth.

Namba zote hizi nimezipanga kwenye jedwali ndani ya FreeCAD, na mchoro unasoma kutoka humo. Mteja akisema puli iwe 180, nabadilisha seli moja.

Upande wa CAM hauna maajabu mengi. Unaieleza programu ubao una ukubwa gani, kisu ni kipi, sifuri iko kona ipi, ianze kukata nini. Mteremko, kisu kilichonyooka huukata ngazi ngazi; naweka ngazi ya nusu milimita, kisha msasa. Kwa MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, nina kisu cha milimita 6 chenye makali mawili. Mizunguko 10,000 kwa dakika, kila kali likila milimita 0.05, zidisha: milimita 1,000 kwa dakika. Ukiona moshi, mkono unataka kupunguza mwendo. Ongeza mwendo, au punguza mizunguko. Moshi maana yake kisu kinasugua ubao badala ya kuula. Baba hasomi hata herufi moja ya msimbo wa G, yale maagizo yanayosomwa na mashine, lakini akiwa kwenye leth yake, mgongo ameugeuza, anapaza sauti: "Hiyo inasugua!" Na inakuwa kweli.

Msimbo wenyewe naufungua kila mara na kusoma mistari ya juu. G21 ni milimita, G20 ni inchi. Kwa karakana yenye historia kama yetu huo ndio mstari wa kutazama kwanza, kwani faili la milimita likisomwa kwa G20 kila hatua inakuwa mara 25.4. G90 vipimo vyote vihesabiwe kutoka sifuri. M3 zungusha kisu. Ufupi huu ni urithi: mashine ya kwanza ya aina hii iliyooneshwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952 ilisoma maagizo kwenye tepu ya karatasi iliyotobolewa matundu. Baada ya kusoma napandisha kisu juu ya ubao na kuiacha ikate hewa, mzunguko mzima, nikiangalia klempu, vile vibanio vya ubao. Programu haijui klempu zangu ziko wapi.

Wavuvi wameanza kuulizia mapanga ya boti, yale yanayozunguka majini kuisukuma. Huko hakuna duara wala mstari ulionyooka, na panga lililogonga mwamba halina uso wa kuaminika. Nimeanza kwa kupima bawa lililo salama kuliko mengine kisha kulizungusha mara tatu. Nikipata la kuonyesha nitaandika.

Anayetaka lile jedwali la puli aniandikie hapa chini, nitamtumia faili. Abadilishe kwanza asilimia ya kunywea kulingana na anachosubu, na amuulize mkerezaji wake anataka nyama kiasi gani. Baba anataka 3. Kuna fundi barabara ya pili kutoka kwetu anayetaka 5, na baba ana maoni yake kuhusu hilo.