Boston, Pini na Kahawa: Nilivyokaa na Barua za Abigail Adams

Chumba nilicholala Boston kilikuwa na kitanda, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na bei ambayo kwetu Muheza ungepanga nyumba yenye ua na mwembe. Juu ya bei wakaweka kodi, na juu ya kodi wakaweka ada ya usafi. Chai ya asubuhi haikuwemo. New York na Philadelphia nilizipita na sina la kuzisimulia. Kilichonivusha bahari ni barua.

Massachusetts Historical Society iko mtaa wa Boylston. Ni chama kilichoanzishwa 1791, na kusoma pale ni bure, jambo la kwanza la bure nililokutana nalo tangu nishuke ndege. Koti, mkoba na kalamu ya wino unaviacha kabatini. Unaingia na penseli. Hapo ndipo ukoo wa Adams ulipokabidhi makaratasi yake mwaka 1956, zikiwemo barua zaidi ya 1,100 alizoandikiana John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, na mkewe Abigail. Nilizisoma kwa picha kwenye kompyuta, maana karatasi za umri ule hazistahimili kushikwashikwa.

Mwandiko ulinishinda. Kiingereza nakijua, nimekifundisha pia, lakini Abigail hakuwahi kukaa darasani. Aliandika neno kama alivyolisikia, na sentensi zake zinakwenda bila kituo kama mtu anayesimulia huku akikoroga sufuria. Palipo na s mbili, ya kwanza anaivuta mpaka inafanana na f. Nilitazama ukurasa mmoja mpaka macho yakauma.

Meza ya pili alikaa bibi mmoja mwenye mvi, mwalimu mstaafu, aliyekuja kutafuta habari za kanisa la mji wake. Aliniona nikihangaika akasogeza kiti. Hakuuliza nimetoka wapi wala kwa nini mtu wa mbali kiasi kile anataka kusoma barua hizi. Aliuliza tu, "Umefika mstari wa ngapi?" Akaweka kidole karibu na kioo na kunong'ona neno moja moja, mimi nikifuata. Baada ya kurasa chache mwandiko ule ukaanza kunifungukia.

Ilikuwa barua ya tarehe 16 Juni 1775. John yuko Philadelphia kwenye Kongresi, mkutano wa wajumbe wa makoloni yaliyoanza kupigana na Uingereza, anahangaika na mambo ya jeshi. Abigail yuko nyumbani na watoto, Waingereza wameushika mji wa Boston, na anamwomba mumewe kitu kimoja: amnunulie kifurushi cha pini, pini hizi za kushikizia nguo. Anamweleza kwamba zilizokuwa zikiuzwa shilingi saba na nusu sasa ni shilingi ishirini, na hata kwa bei hiyo hazipatikani. Kesho yake vita vya Bunker Hill vikapiganwa. Alimshika mkono mwanawe John Quincy, mtoto wa miaka saba aliyekuja kuwa rais wa sita, wakapanda kilima cha Penn na kuitazama Charlestown ikiteketea.

Nilikwenda kukiona kilima hicho. Mji wa Quincy, kilipo kilima hicho, unafika kwa treni kutoka Boston, na zile nyumba mbili walimozaliwa marais hao, baba na mwana, bado zimesimama: za mbao, dari chini, jiko kubwa la kuni. Supu niliyokula mjini pale ilinigharimu kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Basi, Quincy ni hiyo. Akili yangu yote ilikuwa imebaki mtaa wa Boylston, nikarudi.

Bibi yule naye alikuwepo, na safari hii yeye ndiye aliyeniita. "Njoo uone hii." Ilikuwa barua ya 31 Julai 1777. Kahawa na sukari vimeadimika. Tajiri mmoja mchoyo, kapera, ana kahawa ghalani na hataki kuiuza chini ya shilingi sita kwa ratili. Wanawake kama mia moja wakakusanyika na mikokoteni, wakamfuata ghalani, wakadai funguo. Akakataa. Mmoja akamkaba shingo akamtupa ndani ya mkokoteni. Alipoona hana pa kukimbilia akatoa funguo. Wakauinua mkokoteni, wakamwaga chini, wakafungua ghala, wakapakia kahawa wakaondoka nayo. Wanaume walisimama kundi zima wakitazama, kimya.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilinyamaza, nikamkumbuka mama.

Mwaka 1983 baba alikuwa fundi wa reli Tabora, sisi tuko Muheza na mama. Ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na wengine waliviona tu vilipofukuliwa majumbani kwa watu. Barua za baba zilikuja na salamu ndefu, kisha bei, kisha habari kwamba amempa mtu wa treni mche wa sabuni, mama amtazamie. Mama hakujua kusoma. Niliyemsomea ni mimi, na niliyeandika majibu ni mimi. Kwa hiyo baba hakuandika neno lolote ambalo mtoto asingeweza kulitamka mbele ya mamaye.

John Adams naye alilijua jambo hilo. Barua alizoandika Julai 1775 zilinaswa na Waingereza zikachapishwa gazetini, siri zake zikasomwa na kila mtu. Abigail akaona heri zake zichomwe. Jibu la John la 28 Aprili 1776: unaniambia nizichome barua zako, lakini itanibidi kwanza nikusahau wewe. Mwezi wa Juni alinunua daftari kubwa la kunakilia barua na kumsihi mkewe afanye vilevile. Za baba sanduku lake liliwekwa sakafuni, mchwa wakazimaliza. Iliniuma pale kwenye kiti kuliko ilivyowahi kuniuma nyumbani.

Ile barua maarufu ya 31 Machi 1776 niliisoma pia. Abigail anamwambia mumewe kwamba katika sheria mpya wawakumbuke wanawake, wasiwape waume mamlaka yasiyo na mpaka, la sivyo wanawake wataasi. John alijibu kwamba hana budi kucheka. Katiba ya nchi yao ilikuja kuwahakikishia wanawake kura mwaka 1920. Watu huinukuu barua hiyo peke yake, na mimi nadhani wanaikosea haki. Aliyeidai sheria ndiye aliyejua bei ya pini, na madai yake yanatoka kwenye foleni ile ile.

Usiku nilimpigia mama. Saa nne huku, Muheza saa kumi na moja alfajiri, ameamka kwa swala. Nikamsimulia kisa cha kahawa chote, na mkokoteni, na funguo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wakaigawanaje?"

"Abigail hakuandika, mama."

"Mia moja, na kahawa ghala zima? Lazima kuna aliyebaki bila. Hebu muulize huyo bibi wako kesho."

Kesho yake nilimuuliza. Akatoa penseli, tukaanza kutafuta kwenye barua za Agosti.