Chama kilikuwa wapi ndani ya zile siku 30?

Naandika hii usiku, baridi la Mbeya mnalijua, vidole vinaganda kwenye simu, ila nimeshindwa kulala na hili jambo kwa hiyo mnivumilie kama itakuwa ndefu.

Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anafanya kazi kiwanda kimoja huku kwetu, sitakitaja, miaka sita anapakia mizigo, mwezi wa tatu wakaitwa watu kumi na moja wakaambiwa kesho msije. Hakuna barua, hakuna maelezo, wakapewa hela ya siku walizofanya mwezi ule basi. Sasa huyu bwana ni mwanachama wa chama, na sio mwanachama wa jina tu. Kadi anayo toka 2009, kila kampeni kabeba viti, kalala nje kulinda maturubai pale Ruanda Nzovwe, tisheti kaivaa mpaka imepauka. Kwa hiyo alivyofukuzwa hakuwaza mwanasheria, angempata wapi, akaenda moja kwa moja ofisi ya chama chake. Kwa akili yake kule ndo nyumbani.

Akakuta katibu yuko kikaoni. Njoo Jumatatu. Jumatatu mwenyekiti kasafiri, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo wakamsikiliza vizuri tu, wakaandika jina lake kwenye daftari, wakamwambia suala lako tunalipeleka wilayani, akarudi nyumbani na moyo kabisa akamwambia mkewe mambo yanaenda. Siku ya 41 ndo jamaa mmoja wa bajaji pale Mafiati akamuuliza we mbona hujaenda CMA, yaani ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Akaenda. Wakampokea, wakamuuliza umeachishwa lini, akataja tarehe, wakamwelewesha kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike ndani ya siku 30, na yakipita hapo lazima kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kuchelewa.

Sababu ya kuchelewa ni kwamba alikuwa anamsubiri katibu.

Alivyokuwa ananisimulia hakuwa hata na hasira, na hilo ndo limeniuma kuliko yote. Alisema tu kaka, mimi na siasa basi. Kadi kaitia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na risiti za zamani, huko iko mpaka leo.

Nasikia sana viongozi wa vyama, vyote tu, wakisema watu wa chini wamekata tamaa, vijana hawapendi siasa, wapewe elimu ya uraia. Jamani hapana. Nenda kakae kijiweni Kabwe au Mama John hapa Mbeya saa kumi na mbili asubuhi uone kama hawapendi siasa. Wale wanajua EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 walizipigia hesabu vichwani kabla magazeti hayajafika, na makelele ya watu kama wao ndo yalifanya zikashushwa kwa asilimia 30 mwezi wa tisa mwaka uleule. Siasa wanaila na kuinywa. Chama ndo wameachana nacho.

Hata kura zinaonyesha. 2005 waliopiga walikuwa karibu asilimia 72 ya waliojiandikisha, 2010 ikaporomoka mpaka chini ya 43, 2015 ikapanda kwenye 67, 2020 ikarudi kwenye hamsini na kitu kidogo (ya Oktoba 2025 yana machungu yake na sitayachanganya humu, hayo nitayaandika siku yake). Mi nikiangalia hizo namba naona mtu anatoka, anarudi, anatoka tena. Anachungulia. Akiona safari hii kuna kitu cha kwake anaingia, asipoona anaenda zake shamba au sokoni siku ya kura kama siku nyingine.

Mama yangu anasema zamani ukiwa na shida ulienda kwa balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama wa chini kabisa, ugomvi wa mpaka, mtoto kafukuzwa shule, mgeni kafika usiku hana barua, vyote balozi. Na mama hasifii tu, maana anasema balozi huyohuyo ndo alikuwa anajua nani kasema nini kuhusu serikali, na miaka ile ya uhaba wa sukari na sabuni mwanzoni mwa 80 ukikosana naye ulikuwa na wasiwasi na jina lako kwenye orodha ya mgao. Kwa hiyo sitaki turudi kule. Lakini kitu kimoja kilikuwepo ambacho leo sikioni, chama kilikuwa na mlango ambao mtu wa kawaida anaugonga siku ya Jumanne ambayo haina uchaguzi wala mwenge wala ziara ya mtu yeyote, na ndani kuna mtu anayejua la kufanya.

Sasa wa upinzani nao wasidhani nawaacha. Mwaka 2010 Mbeya Mjini tulimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, na wenzetu Iringa Mjini wakampeleka Mchungaji Peter Msigwa, wote Chadema, na 2015 wote wakarudi. Ile hamasa niliiona kwa macho yangu, machinga wa Mwanjelwa, makuli, dada wa saluni, watu ambao hawajawahi kushika kadi ya chama chochote wanachangia mia tano mia tano za mafuta ya gari la matangazo. Ule mtaji ulikuwa mkubwa mno. Ila ukiuliza baada ya hapo hao watu walifanywa nini, walikuwa wanaitwa kwenye mkutano, wanashangilia, wanarudi nyumbani. Halafu katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ikazuiwa na haikuruhusiwa tena mpaka Januari 2023, karibu miaka saba, na lile lilikuwa kosa kubwa dhidi ya vyama na nalisema wazi, lakini pia lilionyesha kitu, kwamba chama ambacho kinaonana na watu wake uwanjani tu, siku uwanja ukifungwa hakina pengine pa kuonana nao. Kungekuwa na watu watatu tu kila kata wanaoshughulika na kesi za watu, polisi asingekuwa na mkutano wa kuzuia, maana kumsindikiza mtu CMA sio mkutano.

Hii kitu sio ya kwetu peke yetu. Uingereza kuna Labour, jina lenyewe ni kazi, vyama vya wafanyakazi ndo vilikaa na wenzao wakakianzisha mwaka 1900 ili wapate watu wao bungeni. Kuna jimbo linaitwa Bolsover, upande wa makaa ya mawe, toka jimbo lianze 1950 ni Labour tu, na toka 1970 mbunge alikuwa Dennis Skinner ambaye mwenyewe alikuwa mchimbaji wa makaa. Desemba 2019 likaenda kwa Conservative, wapinzani wao wakubwa. Watu wanasema Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na ni kweli Brexit ilichangia sana, lakini migodi ilikuwa imeshafungwa siku nyingi, na mgodi ukifungwa na tawi la chama cha wafanyakazi linafungwa, na lile ndo lilikuwa linamuunganisha mchimbaji na chama, kwa hiyo wale watu walikuwa wameshaanza kutoka kidogokidogo kabla hata ya hiyo Brexit. 2024 Labour wakalirudisha, wakashinda viti zaidi ya 400 nchi nzima, ila kwa kura kama asilimia 34 hivi, na kama watu wanne kati ya kila kumi waliojiandikisha hawakutoka nyumbani. Viti wamepata, ila hao wanne hakuna chama kilichowapata.

Nikisoma hayo nawaza vibarua wa kupakia mbao Mafinga, wachuma chai wa Rungwe na Mufindi wanaolipwa kwa kilo. Hao nani anawajua? Vikao vya tawi vinaitwa Jumatano saa nne asubuhi, saa hiyo mchuma chai yuko na kikapu mgongoni na mama lishe anageuza ugali wa mchana. Wanaobaki kuhudhuria ni wastaafu na wenye nafasi zao, na hao ndo wanapiga kura za kuchagua wajumbe, na wajumbe ndo wanachagua mgombea, halafu tunashangaa mgombea hajui kibarua analipwaje. Kikao kihamie Jumapili baada ya kanisa au jioni watu wakishafunga kazi. Hili halihitaji hata fedha.

Ila kubwa kwangu ni hili la kujua mambo ya kazi. Chama chochote kinachotaka kumrudisha binamu yangu, kila kata kiwe na mtu mmoja, mmoja tu, anayejua kwamba kuachishwa kazi ni siku 30 na madai mengine ya kazi ni siku 60. Anayejua kwamba mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hatakiwi kukukata wewe zaidi ya 10, na anayeweza kukaa na wewe mkaangalia kama ile inayokatwa inafika kweli. Anayejua kima cha chini cha sekta yako. Watu hawajui haya! Ile amri ya mishahara ya sekta binafsi ya 2013 ilikaa mpaka Januari 2023 ndo ikabadilishwa, watu wa biashara na viwanda wakatoka 115,000 kwenda 150,000, miaka tisa na zaidi, na katika miaka yote hiyo mimi sikumbuki kuona chama kikipita Iyunga getini saa ya watu kutoka kazini na karatasi mkononi kinawaambia jamani hiki ndo kima chenu, je mnalipwa hivi? Walipita na kofia.

Na hela za kuendesha hayo zitoke kwa hao hao. Najua mtu atasema maskini atatoa nini. Hao maskini wana vikoba, wana vyama vya kufa na kuzikana, bodaboda wana mfuko wa kijiwe, mwenzao akipata ajali jioni hiyohiyo hela imeshachangwa, na mweka hazina akila wanamtoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kuchanga wanajua na kusimamia hela wanajua kuliko chama. Chama kikikaa kwa mchango wa buku la kila mwezi la watu wengi kitawaogopa wale watu. Kikikaa kwa tajiri mmoja anayejaza mafuta boda mia siku ya kampeni, lita mbili mbili, basi wale madereva wameshalipwa, wana deni gani tena na wewe au wewe na wao? Nimeongea na kijana mmoja wa Soweto hapahapa Mbeya akaniambia bro mi nikishaweka yale mafuta tumemalizana. Nilikaa na hiyo kauli siku nzima.

Turudi kwa binamu. Pale anapokula mchana kuna mama ntilie, mama mtu mzima, ni katibu wa tawi wa chama kingine kabisa, sio kile chenye kadi iliyo kwenye kopo. Alisikia habari yake wakati anamwekea maharage. Akamuuliza mwanangu umeshaandika ile ya kuomba muda? Kumbe na yeye miaka ya nyuma alifukuzwa kazi ya usafi, akahangaika na kesi yake mwenyewe mpaka akajua kila mlango. Jioni akafunga banda mapema, wakakaa chini ya balbu ile ya nje, akamwonyesha aeleze tarehe kwa tarehe alienda ofisi gani akaambiwa nini, akamwambia tafuta wale wenzako kumi nao waandike. Wamepatikana saba. Nilimuuliza binamu kama yule mama amemwambia chochote kuhusu kadi ya chama chao, akasema hapana, hajagusia kabisa, ila yeye mwenyewe ndo amemuuliza kikao chao huwa ni lini.

Maombi yanasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Mama amesema siku hiyo hapiki.