Jinsi nilivyoiokoa bustani yangu iliyojaa chumvi hapa Igunga, Tabora

Jamani nimechoka kusikia watu huku kwetu wanaambiwa wamwage majivu kwenye udongo wa chumvi. Majivu yenyewe yana chumvi na yanapandisha pH (kipimo cha ukali wa magadi au asidi), na mbuga zetu, yaani hizi bonde za udongo mweusi, tayari zina magadi, sasa unaongeza nini hapo?

Mi bustani yangu ya vitunguu ilikuwa kila ikikauka inatoa weupe juu, miche inaungua ncha, haikui. Jirani akasema kwangua ukatupe. Nikakwangua toroli kwa toroli mpaka pakawa peusi safi, nikamwagilia, jua la mwezi wa tisa likawaka, weupe ukarudi vilevile! Kumbe chumvi inatoka chini. Maji yanapanda kwenye udongo kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, jua linayachukua, chumvi inabaki. Na huku jua linakausha maji mengi kuliko mvua inayonyesha, halafu bonde lote la Wembere linaelekea Ziwa Eyasi ambalo halina mto wa kutokea, sa hiyo chumvi iende wapi?

Kilichonisaidia ni chupa. Weka maji ya mvua (ya kisima yatakudanganya) kwenye chupa angavu, dumbukiza kidonge cha udongo mkavu, usitikise, angalia kesho yake. Maji yakichafuka na yasitulie ujue ni sodiamu, ile chumvi inayong'ang'ania udongo na kuuvuruga, hapo kuosha kwa maji peke yake hakutoshi, tafuta jasi (madini ya kalsiamu, ndiyo yanayoitoa sodiamu kwenye udongo). Yakibaki safi ni chumvi za kawaida, zinaosheka, ila ukishaosha pima tena maana chumvi zikiwa nyingi maji hubaki safi hata kama sodiamu ipo. Kwangu upande wa juu maji yalibaki safi, upande wa chini yakachafuka, kwahiyo jasi nikanunua ya upande mmoja tu, laki na ushee hivi na usafiri.

Mtaro wa kutolea maji nilichimba kwanza, bila huo unaosha bure. Mvua zilipoanza nikazizuia kwa kingo kama jaruba la mpunga, maji yakazama na chumvi ya udongo.

Na usipande juu ya tuta! Ukimwagilia kwa mfereji chumvi inakimbilia kileleni, panda ubavuni karibu na maji. Matuta yangu juu meupe, pembeni vitunguu vya kijani kabisa, watu wanakuja kushangaa.

Msimu huu ada ya watoto imetoka humohumo. Kile kiraka kigumu cha chini nimeweka pamba, inavumilia chumvi kuliko vitunguu na maharage, na jasi nitarudia mvua zijazo.