Sawa madam

Nimejifunika blanketi mbili, baridi ya Uyole mnaijua, na usingizi hauji kwa sababu ya maneno mawili tu ya mtoto wa form three.

Jumanne, kipindi cha mwisho. Nikaandika swali ubaoni, naitrojeni gramu 14, haidrojeni gramu 6, tafuta kipi kinaisha kwanza na amonia itatoka kiasi gani. Mimi huyuhuyu ninayewapigia kelele kila siku msiangalie gramu, badilisheni kwanza ziwe moli (idadi ya chembe, siyo uzito), nikaangalia gramu. 6 ndogo kuliko 14 basi haidrojeni ndo inaisha, haya, moli 3 zinatoa moli 2 za amonia, gramu 34, nikapiga na mistari miwili chini kwa mbwembwe.

Kale kabinti ka dirishani (yule wa sweta la kaka yake) kakanyoosha mkono. "Samahani madam, tumeweka 20, hizo 34 zimetoka wapi?"

Darasa kimya. Na mimi badala ya kusema jamani nimekosea, nikasema "vizuri, nilikuwa nawapima kama mko macho."

"Sawa madam."

Hakucheka, hakuguna. Wiki hii dada kavishwa pete, baba katoka hospitali, mimi nipo na sawa madam. Namenya viazi, sawa madam. Kwenye daladala ya Mwanjelwa, sawa madam. Alijua naongopa akanistahi, hapo ndo panauma.

Leo nimesahihisha madaftari. La kwake: naitrojeni moli 0.5, haidrojeni moli 3, kila moja kaigawa kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo (N₂ + 3H₂ → 2NH₃, naitrojeni 1 kwa haidrojeni 3), 0.5 kwa 1, 3 kwa 3, naitrojeni ndo inaisha kwanza ingawa ndo nzito, amonia gramu 17, haidrojeni zinabaki gramu 3. Halafu pembeni kwa penseli, 17 + 3 = 20, na kavema kadogo kajipa mwenyewe. Sijawahi kuwafundisha kujihakiki hivyo kwenye haya maswali! Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Nikaweka vema yangu kubwa juu ya yake na chini nikaandika "nilikosea kweli, sikuwa nawapima". Kwa wino mwekundu. Jumatatu darasa zima litasoma maana madaftari yao yanazunguka kama sahani ya karanga, basi na wasome.

Ila mama mwenye nyumba katuma meseji saa tatu hii, "mwalimu kesho usitoke tuongee". Kodi nimelipa mpaka Desemba. Tuongee nini sasa?