Tulivyokipata kisiwa cha Maziwe: likizo ya Juni na watoto Pangani

Mtu akiniambia Pangani hapafai kupeleka watoto, najua alikwenda bila kuuliza mwezi. Nasema mwezi wa angani, huu wanaoufuata wavuvi. Shule zilipofungwa Juni tulitoka Morogoro, mimi, wanangu na mama mkwe, na kwa hela tuliyotumia tusingemaliza hata nusu ya siku zile Zanzibar. Kazini walinishauri nitafute hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mabwawa hata Morogoro yapo. Wanangu walitaka bahari.

Ushauri mbaya kuliko wote niliupata mjini Pangani kwenyewe, kwa dalali mmoja wa safari za boti. Nilimuuliza Maziwe ni vizuri twende saa ngapi. Akajibu saa yoyote, kisiwa hakihami. Akatupakia mchana baada ya chakula, upepo wa kusi umeshaamka, maji yanaruka hadi usoni. Mama mkwe alishika tasbihi, hasemi na mtu. Mwendo ukapunguzwa katikati ya bahari, na kitinda mimba wangu akauliza, "Mama, kisiwa kiko wapi?" Kijana aliyeshika mashine akaelekeza kidole chini. Kweli, maji ya pale yalikuwa mepesi kwa rangi kuliko ya pembeni, basi. Maziwe ni fungu la mchanga, na bahari ikijaa hufunikwa lote. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Mmomonyoko ukala ardhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imeisha. Dalali alizaliwa pale pale, haya yote anayajua. Hela yangu hakurudisha, na mpaka leo inaniuma.

Kesho yake nilikuwa nanunua samaki changu ufukweni, nikamwamkia mzee mmoja mvuvi na kumsimulia. Akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Mimi sikujua. Mama mkwe alijua, kwa sababu kila mwezi wa Kiislamu hufunga tarehe 13, 14 na 15, hivyo hesabu haimpotei. Ilikuwa mwezi 11, yaani siku ya 11 ya mwezi wa Kiislamu. Mzee akasema tusubiri bamvua.

Akanieleza, na nimejihakikishia kwa macho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kukupwa sana; hiyo ndiyo bamvua. Siku hizo pwani ile maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, kisha kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23 za mwezi huo wa angani, ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Kwa mwenye watoto, bamvua ndiyo yenyewe: asubuhi wanazunguka kwenye vidimbwi vya miambani, jioni maji yamewafuata karibu na nyumba, wanaogelea mpaka wanaitwa kula. Wavalishe raba kwenye miamba. Na mjini, kwenye mdomo wa mto, usiwaache waingie. Maji ni ya udongo na mkondo una nguvu.

Tukavuka na kivuko hadi Bweni, ng'ambo ya mto, tukahamia Ushongo kwenye nyumba yenye jiko. Mchele na unga tulishanunua Tanga.

Maziwe tulikwenda tarehe 16, mama mkwe ameshamaliza funga zake, na nahodha alikuwa mzee yule yule. Kabla sijalipa niliomba nione majaketi ya watoto, niwavalishe mwenyewe, maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani. Tuliondoka saa tatu, upepo bado mpole. Na safari hii kisiwa kilikuwepo! Mchanga mweupe, mkavu, watoto wakaruka kabla boti haijatulia. Hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo nilibeba khanga nne. Tulichimbia makasia mchangani, tukafunga khanga mbili kwa juu na mbili upande wa jua, na pindo za chini nikazika kwenye mchanga uliolowa ili upepo usizing'oe. Wageni wa boti nyingine waliokuwa wanaungua jua walikuja kuomba kivuli, nikawapa. Mama mkwe alikunywa chai yake pale, huku wajukuu wanachungulia samaki kwa miwani ya kukodi. Maji yalipoanza kurudi mzee akaita mara moja, tukapanda.

Juni ina neema nyingine. Viota vya kasa ambavyo Maziwe vingezama huhamishiwa Ushongo, na watu wa kijiji wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense huvilinda. Mayai huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Ulizia mapema, maana wenyewe ndio wanaojua kiota gani kimekaribia. Sisi tuliitwa jioni, wanangu wakasimama nyuma ya alama kama walivyoambiwa, simu zote mfukoni.

Sasa shule zikitangaza tarehe ya kufunga, nachukua kalenda ya msikitini, natafuta tarehe 15 inaangukia wapi, ndipo naomba ruhusa kazini. Nyumba ya Ushongo nimeshaitolea arubuni.