Flashi za wateja ndo zimenifikisha kwenye Linux

Kama una steshenari mtaani unaijua flashi ya mteja ilivyo. Imetoka chuo, ikaenda kwa shemeji, ikachomekwa kwenye redio ya bajaji wiki nzima inapiga singeli, halafu saa 2 asubuhi inafika kwako, mtu anataka kuprinti barua ya maombi ya kazi na mwisho wa kutuma ni leo. Unaichomeka, folda zote zimegeuka shotikati. Ukibonyeza tu umeshakaribisha mgeni ndani, yaani virusi, na kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka na zawadi.

Miaka nimeishi hivyo. Ile amri ya attrib ya kurudisha mafaili yaliyofichwa nimeigonga mpaka vidole vinaijua vyenyewe. Antivairasi nayo inataka bando kila siku, ukichelewa kuiapdeti inakuangalia tu wakati virusi vinapita mbele yake kama mlinzi aliyesinzia getini.

Sasa mwaka jana ikaja hii habari ya Windows 10 kufikia mwisho wa apdeti za kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025. Laptop yangu ya dukani ni HP EliteBook 840 G3, hizi used zimejaa mjini, ya kwangu ina RAM GB 8 na SSD GB 256, nzima kabisa, ila prosesa yake ni Intel kizazi cha 6 na Windows 11 kwa utaratibu wake inataka kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kuna njia za kuilazimisha najua, lakini mashine inayolisha watoto huwezi kuifanyia majaribio. Kununua nyingine pia hapana, hela hakuna.

Nkaamua niweke Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta wa bure, pembeni ya Windows. Pembeni, sio badala yake. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine ambayo aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na hilo jina ukilisikiliza vizuri ni utu huu huu wetu umeongezewa vitu mbele. Faili lake la kuinstoo ni karibu GB 3, nimelishusha usiku kwa bando la usiku, nikaliandika kwenye flashi kwa programu inaitwa Rufus, asubuhi nikawasha mashine huku nabonyeza F9 kuchagua flashi.

Kitu nilichokipenda ni kwamba unaijaribu kwanza bila kugusa diski. Inabuti kutoka kwenye flashi ile ile, unaangalia waifai inashika, sauti ipo, printa inaonekana. Hapo hapo nikachomeka flashi ya mteja mmoja iliyokuwa imenishinda tangu juzi. Jamani! Zile shotikati zimekaa kama picha tu hazina la kufanya, na pembeni yake mafaili halisi yote yako wazi, maana ule ufichaji ni alama ya Windows na Mint wala haiijali. Ripoti ya fildi ya mtoto wa watu ilikuwepo muda wote. Hapo ndo nikajua naweka, hakuna kujishauri tena.

Kuweka kwenyewe sio kazi ila kunataka utulivu. Nilikopi kila kitu cha maana kwenye diski ya nje kwanza, halafu nikiwa ndani ya Windows yenyewe nikaipunguza C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, nikaacha GB 70 tupu. Kwenye kuinstoo kuna chaguo la kukaa pamoja na Windows na kuna chaguo la kufuta diski yote, na yako karibu karibu, so soma mara mbili. Kama laptop yako ina BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, itafute namba yake ya kuifungulia ya tarakimu 48 na uiandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote. Jamaa yangu hakuiandika, akawa ananipigia simu usiku sauti imekauka.

Baada ya hapo nikajua nimemaliza. Wapi. Mifumo miwili kwenye mashine moja ni kama wapangaji wawili wanaochangia LUKU, kila mmoja yuko sawa chumbani kwake, ugomvi uko kwenye vile vya kuchangia.

Cha kwanza partisheni ya D, sehemu nyingine ya diski ninayoweka kazi za wateja. Nipo Mint, nimeokoa mafaili, nataka kuyasevu D, inakataa, inasema ni ya kusoma tu. Nusu siku nimeipoteza hapo nikidhani diski inakufa. Kumbe Windows 10 ukiizima kawaida haizimiki kabisa, inajihifadhi nusu ili kesho iwake haraka, na ikiwa kwenye hiyo hali partisheni zake ni kama bado imezishikilia, kwa hiyo Mint kwa adabu yake haiandiki kitu. Dawa ni kuingia Windows, kufungua cmd (dirisha la kuandika amri) kama admini na kuandika powercfg /h off, basi. Inachelewa kuwaka kidogo, na SSD wala husikii.

Cha pili ndo kilichonitoa jasho. Pembeni nina uwakala wa pesa za simu na miamala naiandika Excel, muda nauingiza kwa vitufe vya mkato vya kibodi, Excel inachukua saa ya kompyuta yenyewe. Jioni moja napiga hesabu, meseji ya mteja inasema 11:04, Excel inasema 08:04. Inayofuata hivyo hivyo, nyuma masaa 3, ukurasa mzima. Nikamgeukia dogo anayenisaidia kwa maneno ambayo baadae ilibidi nimwombe radhi, na soda juu.

Kumbe mashine ina saa moja tu, ile inayolindwa na kabetri kadogo kwenye mazabodi. Windows inaisoma kama muda wa hapa hapa nyumbani. Linux yenyewe inaiandika kwa UTC, muda wa dunia ulio nyuma yetu masaa 3, halafu inajumlisha 3 zetu kwa ajili ya kukuonyesha. Kwa hiyo nikitoka Mint kuingia Windows, inasoma ile UTC inadhani ndo saa ya Dar, na mimi data huwa nazima dukani kuokoa bando so hakuna wa kuirekebisha. Sisi wenyewe tayari tunatoa 6 kichwani ili 11 iwe saa 5, halafu tena uongeze 3! Unafungua terminali ya Mint unaandika timedatectl set-local-rtc 1 na yanaisha. Italalamika kwamba njia hii haipendekezwi, iache ilalamike.

Mnaouliza kwa nini sijafuta Windows kabisa, sababu ni CV. CV ya mteja imetengenezwa Word kwa Calibri, ukiifungua LibreOffice, programu ya ofisi ya huku Mint, inawekwa fonti ya Carlito ambayo upana wa herufi ni ule ule, lakini majedwali na mistari ya pembeni vinaweza kuhama, kurasa 2 zinakuwa 3 na mtu kasimama hapo anahesabu shilingi zake. Siwezi kumweleza habari za uhuru wa programu. Kuna na mambo ya skana yangu, tusifike huko.

Na sio kwamba Linux haishikiki na virusi. Ni kwamba hivi vya flashi zetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, huku vinakosa pa kukaa. Dokumenti ya Word yenye makro (vijiprogramu vya ndani ya dokumenti) mbaya ukiihamishia upande wa pili bado ni mbaya vile vile, so makro nimezizima.

Mashine ikiwaka inaleta menyu na inasubiri sekunde 10. Dogo kabandika karatasi kwa selotepu chini ya skrini, kaandika kwa maka pen: FLASHI YA MTU = MINT. KUPRINTI CV = WINDOWS. Na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: SAA IKIKOSEA SIO MIMI.