Kifafa cha Mimba kwa Kisukuma

Jumatano, usiku.

Leo wodi ya wazazi mwanafunzi wangu alinitajia dalili za hatari za kifafa cha mimba kwa Kiingereza, hakukosa hata moja. Nikamwambia, haya, mweleze mama mwenyewe. Mama alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kamanga alfajiri, miguu imevimba, Kiswahili chake cha kuokoteza. Binti akanyamaza. Aliyetuokoa ni mhudumu wa usafi. Aliegemeza fagio ukutani, akainama: "Mwangaluka, mayu." Akaeleza yote kwa Kisukuma, kichwa kuuma, macho kuona ukungu, na mama akaanza kuuliza maswali.

Tangu hapo namfikiria Daktari Albert Cook, mmisionari Mwingereza wa ng'ambo ya ziwa hili hili la Viktoria. Alifika Uganda mwaka 1897, msafara ukitembea kwa miguu kutoka pwani kwa sababu reli ilikuwa haijafika ziwani, na mwaka huohuo akaanzisha hospitali ya Mengo. Mwaka 1902 radi iliiteketeza, ikajengwa upya. Yeye na ndugu yake Jack, naye daktari, ndio waliowatambua wagonjwa wa kwanza wa malale pale mwaka 1901, kabla ugonjwa haujafagia vijiji vya mwambao. Hakupatia kila kitu. Kaswende aliyodhani imeenea kila mahali, wengi waliokuja baadaye wanaona sehemu kubwa ilikuwa buba, ugonjwa wa ngozi usioambukizwa kwa zinaa, na wanawake wa Kiganda walibebeshwa lawama isiyo yao. Hilo linaniuma.

Lakini ualimu wake! Yeye na mkewe Katharine, muuguzi aliyekuja katika msafara uleule, walianzisha shule ya wakunga, na kitabu cha ukunga wakakiandika kwa Kiganda. Msichana alijifunza kondo la nyuma na uchungu wa kuzaa kwa maneno yaleyale ambayo angemwambia mzazi usiku, taa ikiwa mkononi. Mimi nafundisha mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kumsahihisha mwanafunzi kwa kushindwa kusema na mgonjwa. Namsahihisha tahajia ya Kiingereza.

Nimemwomba yule mhudumu asimame mbele ya darasa kesho saa mbili. Amekubali, ila ameuliza kama aje na sare yake ya kazi. Nimemwambia ndiyo, aje nayo. Daftari jipya liko mezani. Ukurasa wa kwanza nimeandika "kizunguzungu", na pembeni nimeacha nafasi ya neno lake.